Manowari Katika Dimbwi: Kwa Nini Jicho Halidanganyiki

Kila inapoonyeshwa filamu ya vita vya baharini, hapakosi mtazamaji wa kusema kwa sauti: "Ile si manowari, ni mfano tu uliowekwa katika dimbwi." Mara nyingi husema kweli. Ajabu ni kwamba msemaji huyo huenda hajapata kuiona manowari maishani mwake. Mwenzake atamjibu kwamba mfano ule umetengenezwa kwa ufundi mkubwa: rangi ni ile ile, milingoti ni ile ile, na mizinga imehesabiwa mmoja mmoja kutoka katika michoro ya wajenzi. Hayo nayo yaweza kuwa kweli. Basi ni kitu gani kilichomfichulia yule wa kwanza siri?

Wapenzi wa meli za mfano hubishana sana juu ya rangi, ribiti na idadi ya madirisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba siri haimo katika mambo hayo. Siri imo katika wakati. Fundi aweza kuipunguza meli mara mia kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, lakini hawezi kuupunguza mvutano wa dunia hata mara moja, na mvutano huo ndio unaoyaendesha maji.

Tuanze na pwani ya Micheweni, kaskazini ya kisiwa cha Pemba. Katika fukwe za Tumbe, Shumba na Msuka watoto huchonga vingalawa vya kuchezea, wakavitia ndubi na mirengu kama ngalawa za wakubwa, na tanga la kipande cha nailoni. Kingalawa kilichochongwa vizuri hushika upepo na kwenda kama ngalawa ya kweli. Hata hivyo hakuna mtu atakayekitazama akadhani kwamba ni ngalawa ya mvuvi iliyo mbali. Kingalawa hurukaruka. Huinua omo na kuishusha mara mbili au tatu kabla hujamaliza kutamka jina lake, hali ngalawa ya mvuvi nje ya mwamba huinuka taratibu, ikatulia kidogo juu ya wimbi, kisha ikateremka. Mtoto wa pwani ameyatazama mambo haya mawili tangu hajajua kusoma. Jicho lake limekwisha jifunza kanuni ambayo mwanafunzi wa fizikia huikuta kidato cha tatu, na ndiyo maana halihitaji kuiona manowari ili kuihukumu.

Kanuni yenyewe tutaipata kwa urahisi chini ya mnazi. Dafu likianguka kutoka mnazi wenye urefu wa mita 20, litachukua muda gani kufika chini? Tukiuacha upinzani wa hewa, muda ni kipeuo cha pili cha mara mbili ya urefu uliogawanywa kwa 9.8. Jibu ni sekunde 2, kwa kukaribia. Sasa tutengeneze mnazi wa mfano, mdogo mara 100, wenye urefu wa sentimita 20, na tuangushe punje kutoka kileleni. Punje itafika chini kwa sekunde 0.2. Urefu umepungua mara 100, lakini muda umepungua mara 10 tu, na 10 ndicho kipeuo cha pili cha 100.

Mawimbi nayo hufuata mwendo huo huo. Wimbi la bahari kuu lenye mita 40 kutoka mgongo hadi mgongo hupita mahali pamoja kwa sekunde 5 hivi. Kiwimbi cha sentimita 40 katika dimbwi hupita kwa nusu sekunde. Meli iyumbayo kutoka ubavu hadi ubavu kwa sekunde 10 itakuwa na mfano uyumbao kwa sekunde 1. Kwa ufupi, ukiipunguza meli mara 100, saa yake huenda mbio mara 10. Ukiipunguza mara 16, saa yake huenda mbio mara 4. Mtazamaji aliyesema "ni mfano tu" alikuwa akiisoma saa hiyo bila ya kujijua.

Sasa tuitumie kanuni hii juu ya manowari iliyopigana katika maji yetu wenyewe. Manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg ilifika Dar es Salaam mwaka 1914, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuanza. Tarehe 20 Septemba mwaka huo iliingia alfajiri mbele ya mji wa Unguja, ikaikuta manowari ya Kiingereza, Pegasus, imetia nanga ikitengenezwa mitambo yake, ikaipiga mpaka ikazama. Mabaharia wa Pegasus waliokufa ni zaidi ya 30, na makaburi yao yapo katika kisiwa cha Chapwani, karibu na mji. Baadaye Königsberg ilijificha katika mikono ya mto Rufiji, na huko iliangamizwa tarehe 11 Julai, 1915, na manowari mbili za Kiingereza zilizojengwa maalumu kwa maji machache, Severn na Mersey, zikiongozwa shabaha na ndege. Mmoja katika mizinga yake umewekwa Fort Jesus, Mombasa, na wanafunzi wanaopita huko wasiache kuutazama.

Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115 na uzito wa tani 3,400 hivi, na iliweza kwenda kilomita 44 kwa saa. Fundi akitaka kuitengeneza kwa kipimo cha 1 kwa 100, urefu utakuwa mita 1 na sentimita 15. Uzito je? Hapa wanafunzi wengi huteleza. Uzito haupungui mara 100. Urefu, upana na kimo vyote vimepungua mara 100, kwa hiyo uzito hupungua kwa kipeo cha tatu, yaani mara milioni moja. Tani 3,400 zinakuwa kilo 3.4. Mfano ukizidi uzito huo utadidimia kuliko inavyopasa; ukipungua utaelea juujuu kama kifuu. Na mwendo wake? Ukigawanya kilomita 44 kwa 100 utakosea. Mwendo hupungua kwa kipeuo cha pili, mara 10, na jibu ni kilomita 4.4 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Mfano ukienda polepole kuliko hapo hautatoa mawimbi ya sura ile ile, hata rangi yake iwe safi namna gani.

Kisa cha Königsberg kiliwahi kuingia katika senema, ijapokuwa kwa sura nyingine. Mwaka 1976 ilitolewa filamu iitwayo Shout at the Devil, iliyotokana na riwaya ya Wilbur Smith. Manowari ya humo imepewa jina la Blücher, na badala ya kupigwa kwa mizinga inalipuliwa kwa bomu lililofichwa ndani yake. Kwa mwalimu wa historia filamu hii haina faida kubwa, na kwa maoni yangu hata picha yake ya watu wa Rufiji ni dhaifu. Lakini kwa mwalimu wa fizikia inafaa, maana sehemu yake ilipigwa katika kisiwa cha Malta, ambako limejengwa ukingoni mwa bahari dimbwi kubwa la kupigia picha za meli za mfano. Maji yake humwagika kwenye ukingo wa mbali, ili mstari wa dimbwi ukutane na upeo wa bahari ya kweli ulio nyuma yake.

Mpiga picha huishindaje saa ya mfano iendayo mbio? Hufanya jambo moja jepesi kusema na gumu kutenda: huipunguza kasi. Filamu ya kawaida huonyeshwa picha 24 kwa kila sekunde. Ikiwa mfano ni wa 1 kwa 100, kamera hupiga picha 240 kwa sekunde, kisha zikaonyeshwa 24 kwa sekunde, na tukio la sekunde moja likachukua sekunde 10. Ikiwa mfano ni wa 1 kwa 16, picha 96 zinatosha. Kiwimbi kilichokuwa kikirukaruka sasa huinuka kwa heshima, na mlingoti uliovunjika huanguka kwa uzito wa mlingoti wa kweli.

Ugumu ni huu. Mlipuko ambao mtazamaji atauona kwa sekunde 10 umetokea dimbwini kwa sekunde 1 tu. Ndani ya sekunde hiyo mafundi wa baruti hawana budi kuwasha fataki zote kwa mpango, hii kwanza na ile baadaye, kwa tofauti ambazo mkono wa binadamu hauwezi kuzipima. Tena kamera inayopiga picha 240 humpa kila picha mwanga kidogo sana, na hii ni sababu mojawapo ya kuyajenga madimbwi hayo nje, penye jua kali.

Watu wa mwanzo hawakuwa na kamera za namna hiyo. Mwaka 1898, senema ikiwa bado changa, Edward Amet wa mji wa Waukegan, Marekani, aliigiza vita vya Marekani na Hispania kwa meli za mfano katika tangi la maji, na watu wakalipa kuvitazama. Siku hizo jicho la mtazamaji lilikuwa bado likishangaa kuona picha zinakwenda, halikuwa na nafasi ya kuzihukumu. Kufikia mwaka 1970, ilipotolewa Tora! Tora! Tora!, filamu ya shambulio la Pearl Harbor, mambo yalikuwa mengine: manowari za mfano zilikuwa kubwa mno, na katika pwani ya Japani ilijengwa sura ya manowari Nagato kwa ukubwa wake halisi, ili waigizaji wapate pa kusimama. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Akademia ya Marekani kwa ufundi wake wa picha.

Kwa nini mafundi hawa waligharimika kutengeneza mifano mikubwa, ikiwa kuipunguza kasi kunatosha? Jibu limo katika tone la maji. Tone lirukalo kutoka omoni mwa meli lina ukubwa wa milimita chache, kwa sababu mvutano wa uso wa maji hauliachi kuwa kubwa zaidi. Mvutano huo ni ule ule baharini na dimbwini. Basi katika mfano wa 1 kwa 100, tone la milimita 4 husimama mahali pa tone la sentimita 40, yaani tone kubwa kuliko dafu! Mtazamaji akiona povu la matone makubwa namna hiyo hushituka, hata kama hawezi kusema sababu. Kadhalika vijiwimbi vyenye urefu chini ya sentimita 1.7 havitawaliwi tena na mvutano wa dunia, bali na mvutano wa uso wa maji, na hivyo haviifuati kanuni tuliyoieleza. Dawa ni kuukuza mfano, au kuyatia maji sabuni ili kuulegeza uso wake. Moto na moshi nao wana ukaidi kama huo. Siku hizi picha nyingi za meli hutengenezwa kwa kompyuta, na mifano imeachwa kwa sehemu kubwa. Lakini mwandika programu asiyeyapa maji saa yake na matone yake atakamatwa na jicho lile lile la mtoto wa Tumbe.

Asidhani msomaji kwamba kanuni hii ni ya watu wa senema. Wao waliikuta imekwisha gunduliwa na wajenzi wa meli. Mhandisi wa Kiingereza William Froude ndiye aliyeithibitisha kwa majaribio, katika tangi lililojengwa Torquay mwaka 1872 kwa fedha za jeshi la majini, akizivuta meli za mfano zilizotengenezwa kwa nta. Alitenganisha mambo mawili: ukinzani utokanao na mawimbi, ambao hufuata kanuni ya kipeuo cha pili, na ukinzani utokanao na msuguano wa maji ubavuni, ambao hauifuati na hapana budi uhesabiwe peke yake. Alifariki mwaka 1879 huko Simon's Town, Afrika ya Kusini.

Kampuni ya kwanza ya biashara kujenga tangi kama hilo ni ya Denny, katika mji wa Dumbarton, Uskochi, mwaka 1883. Tangi hilo, lenye urefu wa mita 90 na zaidi, leo ni makumbusho. Nilipokuwa masomoni nchi hiyo nilipata kulitembelea, na maji yake yangali yametulia kama kioo. Jina la Denny si geni katika historia ya Zanzibar. Sultani Barghash alipendezwa na manowari ya Kiingereza iliyoitwa Glasgow, akaagiza yake mwenyewe ya sura hiyo. Waliomjengea ni hao Denny, mwaka 1878, miaka mitano kabla ya tangi lao. Glasgow ya Sultani ilizamishwa na Waingereza bandarini Unguja tarehe 27 Agosti, 1896, katika vita vilivyokwisha kwa muda usiotimia saa moja, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji kwa miaka mingi.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwa mtu wa Pemba si la mchezo. Nimesema kwamba mpiga picha huuchelewesha myumbo wa mfano ili uonekane wa meli kubwa. Jicho letu limezoea hivyo: chombo kinachoyumba polepole ni chombo kikubwa. Lakini muda wa myumbo hautegemei ukubwa peke yake. Hutegemea pia mahali kilipo kitovu cha uzito. Shehena ikiwekwa chini, ngamani, chombo hupinduka kidogo kikarudi upesi, kwa nguvu. Shehena hiyo hiyo ikipandishwa juu ya sitaha, kitovu cha uzito hupanda, nguvu ya kukirudisha chombo hupungua, na myumbo huwa mrefu. Chombo hulala ubavu kikasita, kana kwamba kinafikiri, ndipo kinarudi. Ikiwa shehena imezidi juu, hakirudi. Abiria asiyejua huupenda myumbo huo, maana ni mpole na haumtapishi. Manahodha wa zamani, ambao hawakusoma habari za Froude, waliogopa sana chombo kinachosita, wakateremsha mizigo au wakaongeza farumi.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa na watu na mizigo kupita kiasi chake. Mamia ya watu walipotea, na nyumba nyingi za Pemba zingali na majina yasiyorudi. Kanuni iliyovunjwa usiku ule yaweza kuonekana katika beseni la maji, na hapa meli ya mfano ina sifa moja kubwa: katika jambo la kusimama au kupinduka haisemi uongo. Mfano uliopunguzwa sawasawa, kwa sura na kwa mpangilio wa uzito, hupinduka katika pembe ile ile ambayo chombo halisi hupinduka. Saa ndiyo iliyobadilika, pembe haikubadilika.

Mwalimu wa skuli ya pwani anaweza kufanya jaribio hili kwa gharama ndogo. Chukua jahazi la urefu wa mita 16 lenye uzito wa tani 41 pamoja na shehena. Mfano wake wa 1 kwa 16 utakuwa na urefu wa mita 1. Na kwa kuwa kipeo cha tatu cha 16 ni 4,096, uzito wake pamoja na shehena uwe kilo 10. Usitumie kingalawa, maana ndubi zake huzuia myumbo. Fundi wa madau atasaidia kuchonga umbo, na kilo zinazopungua zijazwe kwa mawe. Kieleze mfano mahali penye maji yaliyotulia, uulaze ubavu kwa kidole mpaka ufike pembe ya nyuzi 10, uachie, na mwanafunzi mmoja ahesabu muda wa miyumbo mitano. Rudia mara tatu na utafute wastani.

Kisha uhamishe jiwe la kilo 1 kutoka ngamani hadi juu ya sitaha, pasipo kubadili uzito wote, na upime tena. Uhamishe la pili, na la tatu ikiwa chombo kitakubali. Kila muda uliopatikana uzidishwe kwa 4, nao utakuwa muda wa jahazi la kweli. Wanafunzi wachore grafu, mawe ya juu kwenye mhimili wa mlalo na muda wa myumbo kwenye mhimili wa wima. Wataona kwamba mstari haupandi kwa usawa. Huanza kwa upole, kisha hujipinda kuelekea juu, na karibu na jiwe la mwisho muda huwa mrefu mno, kabla ya mfano kulala moja kwa moja.

Ikiwa ipo simu yenye uwezo wa kupiga picha 120 kwa sekunde, nazo zikaonyeshwa 30 kwa sekunde, kama simu nyingi za siku hizi zifanyavyo, tukio litacheleweshwa mara 4, ambacho ndicho kipeuo cha pili cha 16. Iwekwe kamera chini, karibu na uso wa maji, na darasa litaliona jahazi la mita 16 likiyumba kwa saa ya bahari.